Kunywa, Mama wa Nyangate

Kuku walifika kabla ya watu. Phanice alikuwa bado ameinama, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, mwingine umeziba mdomo bila faida yoyote, na uji ulikuwa unamtoka mdomoni na puani, mzito, wa kahawia, ukiangukia nyasi zilizofagiliwa alfajiri kwa heshima ya wageni. Mitetea wawili wakaja mbio kutoka upande wa zizi, jogoo nyuma yao, wakaanza kudonoa. Niliwaona. Niliona chenga za wimbi kwenye midomo yao. Niliona uzi mrefu wa ute ukining'inia kidevuni mwa mke wangu, uking'aa kwenye jua la saa nane. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya wanawake wa kanisa, daftari mkononi, na nilikuwa nimebakisha beti mbili.

Nikazisoma zote mbili.

Miaka mitatu imepita. Nimeandika mengi tangu hapo na hakuna hata shairi moja nililolitoa nje ya nyumba. Kila nikifika kwenye kituo cha ubeti nasikia midomo ya kuku ikigonga ardhi.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona mtu mkubwa. Ushairi sikuusomea popote. Nilijifunza mizani kwa kugonga vidole juu ya magunia ya sukari, kwenye ghala la duka la jumla mjini Nyamira nilikokuwa mpakiaji: nane upande huu, nane upande ule, mpaka maneno yakakubali kutembea kwa mwendo wangu. Aliyewahi kubeba gunia la sukari juani anajua kinachotokea. Chembe hupenya kwenye nyuzi za gunia, zikakutana na jasho la shingo, zikayeyuka na kuwa kama asali chafu. Nzi hukufuata mpaka chooni. Jioni ukivua shati, ukosi unasimama wenyewe. Nilikuwa naona fahari hata katika uchafu huo. Nilikuwa nikijiambia kwamba mwanamume anayenuka utamu kutwa nzima hawezi kukosa la kusema.

Phanice alikuwa fundi cherehani pale soko la Birongo. Mimba yake ilipofika mwezi wa sita, kliniki ilimpima ikamwambia ana sukari ya mimba. Akapewa karatasi ya vyakula na kidude cha kupimia damu, akaambiwa ajidunge kidole mara nne kwa siku. Nilikichukia kile kidude tangu siku ya kwanza. Nilichukia ule mlio wake, nilichukia vile vijikaratasi vyenye madoa ya damu alivyovipanga dirishani, nilichukia kumwona akikamua ncha ya kidole kama mtu anayekamua jipu. Sukari, kwa akili yangu, ilikuwa maradhi ya wazee wenye magari na vitambi. Mke wa mtu anayebeba magunia ataipata wapi?

Siku moja tone likaanguka kwenye daftari langu. Nikararua ukurasa, nikapiga kelele.

"Unatia damu kwenye kazi yangu."

Phanice alijifuta kidole kwa pamba. "Ni damu tu," akasema. "Haiambukizi shairi."

Mtoto alizaliwa na kilo nne na gramu mia tatu, msichana, tukampa jina la nyanya yangu, Nyangate. Mama yangu Drusilla alimpokea mikononi, akampima kwa kumrusha kidogo, akasema, "Huyu amekuja akiwa ameshakula." Wodi nzima ikacheka. Kesho yake wakampima Phanice wakakuta sukari iko sawa. Muuguzi, dada mmoja mtulivu aitwaye Gladys, akaandika kwenye kadi: arudi baada ya wiki sita, apimwe tena, aje kabla ya kula.

"Imeisha," nikamwambia Phanice tukiwa nje ya lango.

"Hawakusema imeisha. Walisema nirudi."

"Kilichokuja na mimba kimetoka na kondo," mama akasema, akimfunika mtoto uso asipigwe na upepo. Nilimwona mama ana hekima kuliko hospitali nzima. Ile kadi nikaichukua nikaitia kwenye daftari langu, kuwekea alama ukurasa.

Sasa, kwetu mwanamke aliyejifungua hulishwa. Hilo ni jambo jema na sitalitukana. Analishwa uji wa wimbi, analishwa chinsaga, ile mboga chungu inayopikwa muda mrefu na maziwa mpaka ikubali kumezwa, na hanyanyui hata ndoo. Akitoka nje baada ya wiki zake akiwa mnono, watu wanasema nyumba ile ina watu. Akitoka amekonda, hasemwi yeye. Inasemwa nyumba.

Ila mama alikuwa na nyongeza yake. Mama ni Msabato wa damu. Amechuma majani chai tangu akiwa msichana na hajawahi kuyaonja; kwake majani chai na pombe ni watoto wa baba mmoja. Lakini sukari haijaandikwa popote kuwa dhambi, na utotoni mwake ilikuwa kitu cha mgeni na Krismasi. Kumtilia mtu sukari nyingi ndiko kumwambia unampenda. Basi uji wa Phanice ulikuwa ukitiwa sukari mpaka kijiko kikasimama. Ulikuja katika kikombe cha plastiki cha lita nzima, mara tano kwa siku. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiuonja na meno yakaniuma.

Phanice alikuwa akinywa nusu. Nusu nyingine aliimwaga nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, mama akiwa ameenda kisimani. Nilimkuta mara moja. Chini ya mgomba palikuwa na dimbwi linalochemka mainzi, na harufu iliyochacha, kama matapishi ya mlevi.

"Wiki sita tu," akaniambia. "Nikishapimwa nikiwa sawa, nitamnywea mama mpaka aombe msamaha. Kwa sasa nisaidie. Mwambie aache sukari."

"Nimwambie mama yangu chakula chake ni sumu?"

"Mwambie ninavyojisikia. Mikono inakufa ganzi. Nikimaliza kikombe nalala kama nimepigwa rungu, nikiamka nina kiu."

"Umejifungua. Wote wanachoka."

Akachukua karai akaenda kufua nepi ambazo hakutakiwa kufua.

Alianza kupungua. Mashavu yaliingia, shingo ikarefuka. Na wiki ya tatu Ombati, tuliyesoma naye, mwendesha boda boda wa pale sokoni ambaye ulimi wake hauna breki, akanisimamisha mbele ya watu.

"Onyiego, nimemwona bibi yako kwa mlango. Wewe unalisha daftari peke yake ama?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwache, anampikia vina na mizani."

Nilicheka nao. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimeuma meno, na kila hatua nilihisi wanawake wa kijiji wakiutazama uso wa mke wangu na kunisoma mimi.

Kesho yake kazini nilikuwa nikigonga vidole juu ya gunia, natunga. Mama Gaurav aliniona. Alikuwa mama wa tajiri wetu, Jashoda kwa jina, mzee wa miaka sabini na kitu aliyezaliwa Kisii mjini na kuolewa Nyamira, anayekaa kutwa kwenye kiti kando ya kaunta akijua kila kitu dukani.

"Onyiego. Mtoto mzima?"

"Mzima, Mama."

"Na bibi? Ile sukari yake?"

"Iliisha, Mama. Ilitoka na mimba."

Alivua ndala ya mguu wa kushoto akauweka mguu juu ya katoni ya sabuni. Ulikuwa na vidole viwili. Pale palipokuwa na vingine ngozi ilikuwa imevutwa na kushonwa, ya zambarau, inang'aa, kama mdomo wa mtu asiye na meno. Nikageuza uso.

"Tazama," akasema. "Usiogope, haiumi. Mimi nikizaa Gaurav, mama mkwe alinifungia ndani siku arobaini. Kila asubuhi ananipa donge, samli na sukari nguru na unga na lozi, kubwa kama ngumi. Mzazi lazima kula. Nilikuwa na sukari wakati wa mimba, lakini wakasema imeisha. Hakuna mtu alinipima tena. Miaka kumi na mbili, hakuna mtu."

"Alikuchukia?"

"Nani, mama mkwe? Alinipenda sana huyo. Mpaka leo namwombea." Akavaa ndala yake. "Wewe peleka bibi kupima. Na hiyo sukari ya nyumbani, ficha."

Nilisema ndiyo Mama, nikarudi kwenye magunia. Na moyoni, nitalisema hivyo hivyo lilivyokuwa, moyoni nilisema: hayo ni mambo ya Wahindi. Wakaa kwenye viti. Sisi damu yetu ni nyingine. Mdomo wangu ulikuwa bado umejaa mate ya kichefuchefu kwa sababu ya mguu wake, na nikiwa katika hali hiyo hiyo nikaupata ubeti niliokuwa nautafuta tangu asubuhi.

Wanawake wa kanisa walikuja kuona mtoto Jumapili ya wiki ya nne. Walikuja wakiimba tangu njia panda, vichwani wana unga wa wimbi, ndizi, leso mpya, na sukari, kila mmoja na pakiti zake za sukari, mpaka meza yetu ikawa kama rafu ya Mama Gaurav. Phanice alikaa kwenye kiti chini ya mparachichi, Nyangate mapajani. Mama alimpa kikombe. Phanice akanywa mafunda mawili, akakiweka chini.

"Mama, nimeshiba."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini wanawake wana masikio. Mmoja, mke wa mzee wa kanisa, akamtazama Phanice kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akanitazama mimi kuanzia kichwani hadi miguuni.

Nikainuka na daftari langu.

Phanice alinitazama, akatikisa kichwa mara moja, kidogo, hivi. Watu wengine huhadithia mambo yao wakisema hawakuelewa. Mimi nilielewa. Ndiyo sababu nilipaza sauti.

Karibuni jama wote, mama huyu tumtunze,
Uji mtamu apate, mifupani umjaze,
Asimwage, asitete, anyamaze, aumeze,
Kunywa mama wa Nyangate, nyumba yetu ipendeze.

Walishangilia. Hawakuwahi kuona mwanamume wa pale akimsifu mzazi hadharani, na kwa beti zenye vina. "Wangu hata habari ya asubuhi hanipi," mmoja akasema, wakacheka mpaka wakashikana. Kufikia ubeti wa pili walikuwa wameshakishika kituo. Nikifika mwisho wanaitikia wote pamoja, makofi, kunywa mama wa Nyangate, na macho yao yote juu yake. Nani angekataa? Alichukua kikombe akanywa. Ubeti wa tatu, akanywa. Mama akajaza tena, uso wake umejaa nuru. Ubeti wa nne. "Maliza, Mama Nyangate," mwingine akamtania, "huyu bwana ataanza tena kutoka juu." Phanice hakunitazama tena. Macho yake yalikuwa yakipita juu ya wanawake, uso hadi uso, polepole, koo likipanda na kushuka, na tone la uji likamtiririka mpaka shingoni likaingia ndani ya nguo. Nililiona tone lile na nikafikiri, Mungu anisamehe, nikafikiri litaingia vizuri katika ubeti.

Kwenye ubeti wa tano ndipo alipotapika. Hayo nimeshayasema.

Wanawake walimwonea huruma, wakamshika mgongo, wakasema ni maziwa yanashuka, hutokea. Mama alimpangusa kwa leso yake mwenyewe. Na mimi wakaniomba nirudie ule wa kwanza.

Nikarudia.

Jioni Phanice alisukutua mdomo, akatema, akasukutua tena, kisha akaja mbele yangu akanyoosha mkono.

"Kadi yangu."

Nilifungua daftari nikampa.

Wiki ya sita alikwenda peke yake, asubuhi, hajala. Nilijua, nikaenda kazini. Nilikuwa nimebeba gunia la tatu Mama Gaurav alipoigonga kaunta kwa funguo.

"Onyiego, leo si ndiyo siku ya bibi?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa wewe unafanya nini hapa? Weka hiyo chini. Nenda keti na yeye."

Nilimkuta kwenye benchi, Nyangate amelala kwenye leso. Walikuwa wameshamtoa damu mara moja. Gladys akamletea glasi ya maji yaliyokorogwa sukari ya kipimo, yasiyo na rangi wala povu, akamwambia ayanywe yote, kisha akae saa mbili bila kutembea. Phanice aliishika glasi. Harufu yake ilinifikia, ile ile ya ukosi wa shati langu. Aliinua, akanywa bila kupumzika, koo likipanda na kushuka. Hakuna aliyemwimbia. Mimi ndiye niliyegeukia ukuta.

Saa mbili ni ndefu ukikaa na mtu uliyemkosea na ambaye hakudai chochote. Alimnyonyesha mtoto. Alipanguza goti lake. Nikamwuliza kama ana baridi akasema hana.

Majibu yalipotoka Gladys alituita ndani. Baada ya saa mbili sukari ilikuwa kumi nukta nne.

"Haijawa kisukari," akasema. "Lakini haijaondoka pia. Iko mlangoni."

"Mbona alipojifungua ilikuwa sawa?" nikauliza, kwa ukali, kama kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Hakukasirika. Nadhani alikuwa ameshawaona wengi kama mimi. "Baba Nyangate, insulini ndiyo inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Wakati wa mimba, kondo hutoa vitu vinavyoufanya mwili uwe mkaidi. Insulini inaagiza, mwili hausikii. Kondo likitoka, kwa wengi mwili hurudi kusikia. Kwa wengine ukaidi unabaki, na mtu haoni kitu, haumwi popote, mpaka miaka ipite. Ndiyo maana tunawaita wiki ya sita. Tukiwaita kumi, wanakuja watatu."

"Ni uji?" Phanice akauliza.

"Uji wa siku moja hauleti hivi. Huenda mwili wako ulikuwa na ukaidi huo hata kabla ya mimba. Lakini sukari ya kila siku inaulea. Nyonyesha, hiyo inasaidia. Tembea. Chinsaga kula unavyotaka. Uji kunywa kidogo, usitiwe kitu. Na kila mwaka upimwe, kila mwaka, hata ukijisikia kama simba." Akafunga faili. "Nyumbani anapika nani?"

"Mama mkwe."

Gladys akanigeukia mimi. Phanice hakunigeukia.

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia.

Hapa ndipo ninapojichukia zaidi, kuliko hata pale kwenye kuku. Pale nilikuwa na wazimu wa makofi. Hapa nilikuwa na akili zangu timamu. Mtunzi wa beti saba, bingwa wa Birongo nzima, nilishindwa kupata sentensi moja ya kumwambia mama yangu. Nilipanga nimwambie Jumatatu, nikaahirisha. Uji ukaja. Mama alisimama mlangoni kidogo, akaondoka, na Phanice akakisukuma kikombe mbele yangu, akisubiri nifanye kitu. Nikafanya. Nikakinywa.

Basi ikawa desturi. Asubuhi kabla ya kazi, kikombe. Jioni nikirudi, viwili, vimepoa vimeganda utando juu, utando unaonata kwenye mdomo wa juu kama ngozi ya mtu mwingine. Nilivimeza nimefumba macho. Nilijiambia ninateseka kwa ajili yake, nikaona kuna ushujaa ndani yake. Niliwahi hata kuanza shairi. Mama alikuwa akikuta vikombe vitupu na kumshukuru Nyasae, Mungu wa baba zake. Phanice akaendelea kupungua, lakini sasa alikuwa akitembea kila asubuhi hadi sokoni na kurudi, macho yakaanza kupata mwanga. Mimi nikapata tumbo. Shati la kazi likakataa kufungwa. Nilianza kuhema chini ya magunia niliyokuwa nikiyachezea.

"Sasa tumejua ni nani alizaa," Ombati akatangaza sokoni.

Mwezi wa tano wa kuvinywa vikombe hivyo, siku ya Jumapili, mama alileta kikombe, akaenda zake shambani. Nilikuwa nimeshakiinua. Phanice alikuwa akishona kifungo cha shati langu, anakisogeza kipate nafasi ya tumbo. Akakata uzi kwa meno.

"Hicho unakunywa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu yako."

"Si kweli." Hakupandisha sauti. "Kuninywea si kunitetea. Mwaka ujao nitapimwa. Siku nyingine nikipata mimba itarudi, Gladys ameniambia, huenda na nguvu zaidi. Mama atapika tena. Watu watakuja tena. Utaninywea mpaka wapi? Nikikatwa mguu, utanitembelea?"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mazuri sana, yamejipanga kwa vina. Yakanichafua mdomo kuliko ule utando wa uji. Nikaweka kikombe chini, nikatoka.

Mama alikuwa katikati ya michai, kikapu mgongoni, vidole vyake vinakwenda vyenyewe: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Niliingia mstari wa pili nikaanza kuchuma nikiwa nimemwelekea. Nilichuma labda dakika kumi.

"Mama. Uji wa Phanice nimekuwa nikiunywa mimi."

Vidole havikusimama. "Tangu lini?"

"Tangu apimwe. Sukari haikuisha. Haitakiwi hata kijiko."

"Miezi yote hii." Alitupa kiganja cha majani kikapuni bila kutazama. "Nimekuwa nikimnenepesha fahali."

"Na siku ile ya wageni, hayakuwa maziwa kushuka. Alikuwa ameniomba nikwambie upunguze. Nilijua hataki, nikamlazimisha mbele ya watu."

Hapo vidole vilisimama. Aliutazama mkono wake, ulioshika jani, kama aliyesahau jina la kitu hicho.

"Mimi ndiye niliyekuwa najaza kikombe," akasema.

"Hukujua."

"Sikujua. Wewe ulijua." Akalitupa lile jani kikapuni. "Onyiego, mimi sikuzaliwa na sukari mkononi. Nyanya yangu alilea wazazi kwa chinsaga na uji mchachu usiotiwa sukari, na walinyanyuka. Ungeniambia, ningepika hivyo. Ilikuwa ni kuniambia tu."

Akaendelea kuchuma. Hakunitazama tena mpaka kikapu kilipojaa, na nilipotaka kumbebea akakishika mwenyewe.

Ilikuwa ni kuniambia tu. Miezi mitano ya ushujaa wangu, na beti zangu, na tumbo langu, yote ilikuwa na uzito wa maneno hayo. Nilirudi nyumbani mikono inanuka utomvu wa chai. Phanice alikuwa kwenye kizingiti, anachambua chinsaga, Nyangate amekaa kati ya miguu yake akitafuna bua.

"Nimemwambia."

"Kwa shairi?"

"Hapana. Hivi hivi."

Alichambua shina moja, akachambua la pili. "Ukamwambia na ya siku ile?"

"Na ya siku ile."

"Ulijua walikuwa wanawake wangapi pale?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka makofi, nikakumbuka leso zao, nikakumbuka nilivyosimama. Watu sikuwakumbuka.

"Ishirini na watatu," Phanice akasema. "Nilikuwa nawahesabu, nisikusikie wewe." Akaikung'uta sufuria, akainuka na mtoto kiunoni. "Mama ni mmoja, huyo umeshamwambia. Wengine nyumba zao unazijua."